Pampu ya kidimbwi si lazima ikimbie mbio

Mhariri, salaam aleikum. Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma, mimi ndiye naangalia kidimbwi cha kuogelea cha wapangaji huku Nyali na naona pesa za watu zinavyopotea bure.

Mwaka jana tulifungiwa pampu mpya, zile za kubadilisha spidi, na si rahisi bei yake. Fundi akaiwasha, akaitega mizunguko 2,900 kwa dakika, akaenda zake. Miezi mitatu mizima tokeni za stima zinaisha vilevile kama za pampu ya zamani, wapangaji wananung'unika, mpaka siku nikaketi na kile kitabu chake nikasoma mwenyewe.

Kumbe spidi ukiipunguza nusu, maji yanayopita yanapungua nusu lakini stima inashuka mpaka kama thumuni ya ile ya kwanza! Kwa hivyo hata ukiiacha iende masaa mara mbili ndo maji yote yapite kwenye chujio, bado umetumia kama robo tu. Pampu inayokula kilowati moja, masaa manne ni uniti nne, lakini kwa nusu spidi masaa nane ni uniti moja, haya tuseme moja na nusu manake mota nayo hupoteza kidogo.

Sasa spidi gani? Mimi nilitumia jani la mwarobaini. Nilikuwa nashusha mia mia, kila nikishusha natupa jani ile kona ya mbali halafu nachutama naliangalia kama linavutwa mpaka kwenye skima, ule mdomo wa ukingoni unaovuta uchafu wa juu ya maji. Kwa 1,200 lilikaa palepale linazunguka tu, 1,500 likaenda polepole likaingia, basi nikaacha hapo. Kelele nayo ikaisha, ukipita karibu unasikia mvumo tu.

Lakini msishushe kupita kiasi, hasa wakati wa kaskazi, joto hili letu maji yakisimama kijani hakikawii. Na siku ya kuosha chujio au kuvuta uchafu wa chini rudisha spidi ya juu, mchanga wa ndani ya chujio hauoshwi na maji ya pole. Wenye mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi pia waangalie, maji yanayopita ndani yake yakiwa machache inajizima.

Wenye nyumba na mahoteli kuanzia hapa hadi Shanzu, nawaomba sana, nendeni kwenye chumba cha pampu leo mtazame imetegwa ngapi.

Mtunza kidimbwi, Nyali, Mombasa