Maji ya chini ya kiwanja hayapimwi mara moja

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyowashauri wanaonunua viwanja na nyumba mjini wadai uchunguzi wa udongo kabla ya kutoa hata senti. Ushauri mzuri, maana wengi huishia kukagua hati na rangi ya ukuta. Ila siwezi kukubali mnaposema kwamba shimo la uchunguzi lenye kina cha mita 3 likikosa maji, mnunuzi hana tena la kuhofia.

Maji ya ardhini hupanda na kushuka. Shimo lililochimbwa mwisho wa kiangazi linaweza kuwa kavu kau, na mahali pale pale, mvua kubwa zikishapita, maji yakafika nusu mita chini ya sakafu. Tena udongo wa mfinyanzi ni mwongo: maji hupenya ndani yake taratibu mno, na shimo huweza kuchukua siku nyingi, hata wiki, kujaa hadi usawa wa kweli. Aliyechimba asubuhi akafukia jioni hakuyaona maji kwa kuwa hakuyangoja. Ndiyo sababu wahandisi huacha shimoni bomba lenye matundu, wakalizungushia changarawe na kuliziba vizuri juu ili mvua isiingie, kisha hurudi kulipima msimu wa mvua na wa ukame. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kurekebisha msingi.

Lipo pia suala la matabaka. Chini ya mji mara nyingi utakuta kifusi, kisha kichanga, kisha utando wa mfinyanzi, na mwamba chini kabisa. Mvua ikipenya hukwama juu ya ule utando na kufanya dimbwi lililojificha, mita kadhaa juu ya maji yenyewe ya chini. Mchimbaji mmoja ataandika maji yako mita 2. Mwenzake wa kiwanja cha pili, ambako utando umekatika, ataandika mita 12, na wote wawili wamesema kweli. Mjini dimbwi hilo hulishwa pia na mabomba yanayovuja na mashimo ya maji taka. Unyevu ukitokea ukutani katikati ya kiangazi, mimi hushuku bomba kabla ya kushuku mbingu.

Wengi huyaogopa maji kwa sababu ya ukungu na rangi kubanduka. Ningependa wayaogope zaidi kwa nguvu zake. Kila mita 1 ambayo sakafu imezama chini ya usawa wa maji, sakafu hiyo husukumwa juu kwa takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha chini kilichozama mita 3 husukumwa kwa tani 3, ilhali zege la unene wa sentimita 20 lina uzito wa karibu nusu tani tu kwa mita hiyo hiyo. Tangi lililofukiwa ardhini, likiachwa tupu wakati maji yamepanda, huweza kuelea na kuchomoza juu, likikata mabomba yake.

Kuyavuta maji nako kuna madhara. Mexico City ilijengwa juu ya mfinyanzi laini wa ziwa la kale. Visima vilipoyanyonya maji, mfinyanzi ulijikamua na ardhi ikashuka, sehemu nyingine zaidi ya mita 7 katika karne ya 20. London ilipata kinyume chake: viwanda vilipopunguza uvutaji wa maji, usawa wake ulianza kupanda tangu miaka ya 1960, hata ikabidi kuanza kuyavuta tena ili kulinda mahandaki na misingi mirefu. Kwa hiyo ripoti ya miaka 20 iliyopita yaweza kuwa sahihi kwa siku yake na ikapotosha leo. Vigingi vya mpaka haviyazuii maji. Pampu ya jirani ikizimwa, habari hufika hadi kwako.



Mkirudia mada hii, waambieni wasomaji wamuulize muuzaji maji yalipimwa tarehe gani, shimo lilikaa wazi muda gani kabla ya kupimwa, na ni nani jirani anayevuta maji au aliyeacha kuyavuta karibuni. Ripoti isiyo na tarehe ya kipimo cha maji irudishwe kwa aliyeiandika.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi