Kumbukumbu za viumbe wa Tanga zisiwekwe kapu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaopanga bajeti za utafiti mkoani Tanga kwamba kurundika taarifa zote za viumbe katika kompyuta moja kubwa, iwe Dodoma au Ulaya, si njia salama.

Ushahidi uko Amani. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti huko Usambara Mashariki mwaka 1902, na vielelezo vingi vya mimea iliyokaushwa vilipelekwa Berlin. Mwezi Machi 1943 sehemu kubwa ya hifadhi ile ya Berlin iliteketea kwa mabomu, ikawa wataalamu wa mimea ya Afrika Mashariki hawana budi kutegemea nakala zilizokuwa zimegawiwa kwingine, zikiwemo zilizosalia Amani, ambazo nazo baadaye zilihamishiwa Nairobi.

Leo mgawanyo huo unafanywa na kompyuta. Mfuatano wa jeni, yaani mpangilio wa taarifa za urithi za kiumbe, unaopokelewa Japani huonekana pia Marekani na Uingereza, kwa kuwa vituo vya nchi hizo tatu hubadilishana taarifa kila siku. GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za viumbe hai, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye ofisi kuu Copenhagen, una utaratibu unaotufaa zaidi: taasisi hubaki na hifadhidata yake na kuirekebisha yenyewe, huku katikati pakiwekwa fahirisi inayomwezesha mtu yeyote kutafuta. Hata kumbukumbu za wagonjwa wa malaria, ambazo hazipaswi kutoka hospitalini, zinaweza kuchambuliwa hukohuko zilipo, kinachosafiri kikawa ni swali na jibu lake tu.

Nasikitika kwamba mazungumzo yetu huishia kwenye ununuzi wa mashine. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi (umeme nauacha kando, kila msomaji anaufahamu). Sehemu nzito ni kukubaliana jina la kisayansi liandikwe vipi, tarehe ifuate mpangilio gani, na mahali paelezwe kwa latitudo na longitudo. Silikanti mmoja, yule samaki adimu wa kale, akiandikwa “Tanga” katika daftari hili na “Kigombe”, kijiji cha mkoa huuhuu, katika lile, mtafiti aliye Cape Town atahesabu samaki wawili, na hakuna seva itakayomsahihisha.

Kwa hiyo napendekeza kwamba taasisi za utafiti za mkoa huu, kuanzia Mlingano hadi Muheza, kabla ya kutangaza zabuni yoyote ya seva, kila moja iajiri mtunza data wa kudumu, na watunzaji hao wakutane kwanza kuandika kanuni hizo.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga