Barua kwa Ndugu Sanga kuhusu meli mpya za doria

Tukuyu, Rungwe
20 Julai 2025

Kwako Ndugu Sanga,

Salamu nyingi kutoka Tukuyu, ambako ukungu wa Julai haujainuka tangu asubuhi na mama watoto amenikataza kutoka nje bila koti. Sisi ni wazima, na natumaini nanyi huko Iringa ni wazima, pamoja na shemeji na wajukuu. Baada ya salamu, naomba nirudi kwenye ule ubishi wetu ambao dereva wa basi aliukata kwa honi pale stendi ya Nane Nane. Ulikuwa umeshaniambia habari za Fuso yako ya tatu, kisha ukatoa kichwa dirishani na kunipigia kelele kwamba nchi ndogo ikishapata meli mpya za doria mambo yake ya baharini yamekwisha, na kwamba ushahidi wako ni Ireland. Basi likaondoka na neno la mwisho likawa lako. Sikuridhika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze kwa kukupa haki yako, maana kisa ulichokitaja ni cha kweli na ni kizuri. Septemba 2023, meli ya mizigo iitwayo MV Matthew ilinaswa karibu na pwani ya Ireland ikiwa na zaidi ya tani 2 za kokeini, shehena iliyokadiriwa kuwa na thamani ya yuro milioni 157. Ilipokaidi amri ya kusimama, meli ya doria LÉ William Butler Yeats iliifukuza na kufyatua risasi za onyo, kisha askari wa kikosi maalumu wakashuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta hadi sitahani. (Hizo herufi LÉ ni kifupi cha maneno ya Kiairishi yenye maana ya meli ya Ireland.) Kazi ile isingefanywa na mtumbwi, wala na meli kongwe inayotapika moshi kabla haijafika maili kumi. Hapo nakubaliana nawe.

Nchi yenyewe ni ndogo kweli. Sensa yake ya 2022 ilihesabu watu milioni 5 na ushee, idadi ambayo haifikii jumla ya watu wa mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe kwa sensa ya mwaka huohuo. Hata hivyo, eneo la bahari ambalo inalisimamia linazidi kilomita za mraba 400,000, yaani zaidi ya mara tano ya nchi kavu yake, na sehemu kubwa ni Atlantiki, bahari isiyokuwa na huruma wakati wa baridi. Ndiyo maana meli zake nne za aina ya Samuel Beckett, zilizojengwa katika yadi ya Appledore huko Devon, Uingereza, zilirefushwa hadi mita 90, takriban mita 11 zaidi ya zile za aina ya Róisín zilizozitangulia. Ziliingia kazini kati ya 2014 na 2019, kila moja kwa karibu yuro milioni 70. Zina mzinga wa milimita 76 kwenye omo, yaani mbele, kasi ya noti 23, ambayo ni kama kilomita 42 kwa saa, na mabaharia 44.

Lakini kilichonivutia mimi, mtu wa chumba cha injini, si mzinga. Mbali na injini mbili kubwa za dizeli za Wärtsilä, meli hizo zina mota za umeme za kuzisukuma polepole. Meli ya doria haikimbii siku nzima, Sanga. Muda mwingi inatembea mwendo wa kinyonga ikiwatazama wavuvi na nyavu zao, na injini kubwa ikilazimishwa kuvuta mzigo mdogo kwa saa nyingi mfululizo, dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa kwenye vali na kwenye turbo, na anayekuja kuyakwangua ni fundi. Aliyeamua kuweka zile mota bila shaka aliwahi kushika kitambaa chenye grisi.

Sasa tufike penye jipu. Jeshi la majini la Ireland limepangiwa askari 1,094, lakini katika miaka ya karibuni waliopo wameshuka chini ya 800. Mwaka 2019, mwaka uleule ambao meli ya nne ya aina ya Beckett ilipokewa kazini, meli nyingine mbili, LÉ Eithne na LÉ Orla, zilifungwa kamba kwenye gati la Haulbowline, kisiwa kilichomo ndani ya bandari ya Cork ambako ndiko makao yao, kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha wa kuzipeleka baharini. Mwaka 2022 mbili hizo ziliondolewa kazini kabisa pamoja na LÉ Ciara, na baadaye hata baadhi ya hizo mpya unazozisifu zilipata zamu ya kukaa gatini. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakuwaza chombo kilichokosa hata mtu wa kufungua kamba.

Utauliza mabaharia walikwenda wapi. Hawakwenda mbali. Bandari ya Cork imezungukwa na viwanda vya dawa, na kiwanda cha dawa kinamhitaji mtu yuleyule anayehitajika melini: fundi umeme, fundi mitambo, anayejua pampu, majokofu na mabomba ya mvuke. Kiwanda hakiyumbi, na jioni mtu analala kwake. Serikali ilijaribu kuwazuia, na mwaka 2021 ikaanzisha mpango wa kumlipa yuro 10,000 baharia mwenye uzoefu atakayejifunga kutumikia baharini kwa miaka miwili. Mimi siubezi mpango huo, ila ulikuja baada ya watu wengi kuondoka, na fundi aliyekaa na injini moja kwa miaka kumi akishaondoka, nafasi yake haijazwi na kijana aliyetoka chuoni mwezi uliopita, hata akiwa na cheti chenye mihuri mitatu.

Hapa naongea kwa uchungu, nawe unajua kwa nini. Katika miaka yangu ya Itungi, bandari yetu ya Ziwa Nyasa, meli moja niliyoihudumia, ambayo sitaitaja wala sitaitaja ofisi iliyohusika, ililetewa jenereta mpya kabisa yenye kidude cha umeme cha kuisimamia, taa za rangi na vitufe. Vijana wawili walipelekwa Dar es Salaam kujifunza. Kabla mwaka haujaisha mmoja alikuwa ameajiriwa kwenye mitambo ya dhahabu Chunya, na mwenzake akapata kazi bandarini palepale alipokuwa amekwenda kusoma. Siku taa nyekundu ilipowaka na jenereta ikajizima, kitabu kilichokuwepo kilikuwa cha lugha ambayo hakuna aliyeisoma, na sisi wazee tulikuwa tumeambiwa tusiguse. Meli ilikaa gatini tangu mahindi yanapandwa hadi yanavunwa. Rangi yake iling'aa wakati wote huo, watoto wa Kyela wakapanda ukingoni kwake na kujirusha majini, na watu wa Lupingu na Manda wakarudi kwenye maboti ya mbao. Hatimaye akaja mtaalamu kwa siku moja, akabadilisha kihisio cha shinikizo la oili, kitu cha ukubwa wa kidole gumba, akaondoka. Jenereta haikuwa na ubovu wowote.

Kwa hiyo nikisoma habari za Haulbowline sioni jambo la ajabu la Wazungu. Naona taa ileile nyekundu.

Jambo jingine ambalo hukulifikiria pale dirishani ni yadi. Ireland ilianza mwaka 1946 kwa kununua meli tatu za vita zilizotumika kutoka Uingereza, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imebakiwa na moja tu. Ndipo ikaamua kujijengea yenyewe. LÉ Deirdre ilitoka mwaka 1972 katika yadi ya Verolme ya hapohapo Cork, zikafuata Emer, Aoife na Aisling, na Eithne ikaingia kazini mwaka 1984. Mwaka huohuo yadi ikafungwa. Appledore nayo, baada ya kukabidhi meli ya nne ya aina ya Beckett, ilifungwa Machi 2019, ikaja kufunguliwa na wenye mali wapya mwaka uliofuata. Nchi ndogo huagiza meli chache, kisha hukaa miaka kumi bila kuagiza nyingine, na katika miaka hiyo wachomeleaji hutafuta ugali mahali pengine. Kwetu Itungi tumeona upande wa pili wa jambo hili: MV Ruvuma na MV Njombe za tani 1,000 kila moja ziliundwa palepale ufukweni na kuanza kazi mwaka 2017, ikafuata MV Mbeya II ya abiria 200 mwaka 2021, na kwa miaka michache hiyo ziwa letu lilikuwa na shule ya uchomeleaji bila mtu kuiita shule. Baada ya kazi kwisha, shule hiyo nayo hutawanyika.

Nikuchekeshe kidogo kuhusu meli kuukuu, kwa sababu wewe ni Mkinga na bei ni lugha yako ya kwanza. Aoife ilipewa Malta bure mwaka 2015, na huo ulikuwa uungwana. Aisling iliuzwa kwa mnada mwaka 2017 kwa yuro 110,000, bei ambayo pale sokoni Mwanjelwa wangekataa kuiuzia hata chuma chakavu chake, ikapita mikononi mwa dalali wa Uholanzi, na mwaka uliofuata ikaonekana Libya ikiwa manowari ya majeshi ya Jenerali Haftar, mkuu wa upande mmoja wa vita vya huko. Fikiria aibu ya serikali iliyodhani imeuza pasi na vigae. Tangu hapo nimeamini kwamba mpango wa meli mpya unapaswa kueleza pia nani atakata vyuma vya ile ya zamani, na wapi.

Turudi kwenye meli zenyewe. Mwaka 2022 Ireland ilinunua meli mbili ndogo za mita 55 zilizokuwa zimestaafishwa na New Zealand, kwa yuro milioni 26 zote mbili. Zilipakiwa juu ya meli kubwa zaidi, zikavushwa Pasifiki na kufika Cork mwaka 2023, na mwaka 2024 zikapokewa kazini kwa majina ya LÉ Aoibhinn na LÉ Gobnait. Wengi walicheka kwamba nchi tajiri inanunua mitumba. Mimi sikucheka. Meli hizo zinahitaji takriban nusu ya mabaharia wa Beckett moja, na zinatosha kwa bahari ya mashariki iliyo tulivu kuliko Atlantiki, kwa hiyo aliyezichagua alihesabu watu kwanza, kisha mita. Ripoti ya tume iliyochunguza majeshi yao, iliyotoka Februari 2022, ilizungumzia pia utaratibu wa meli moja kuwa na makundi mawili ya mabaharia wanaopokezana, ili chombo kibaki baharini na watu walale nyumbani. Ningekuwa na sauti serikalini kwao, ningelipia makundi hayo kabla ya kuchora meli nyingine yoyote.

Kasoro moja zaidi, kisha nikuache. Meli zote hizo hazina sona, yaani haziwezi kusikia kilicho chini ya maji, wakati nyaya za mawasiliano kati ya Ulaya na Marekani zinapita kwenye bahari yao au jirani nayo. Juni 2025 tu ndipo walipotangaza mkataba na kampuni ya Thales wa sona ya kukokotwa nyuma ya meli. Hili lilinikumbusha kisa cha Liuli, upande wetu wa Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilitoka upande wa pili wa Ziwa Nyasa ikaikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa juu ya chelezo inatengenezwa, ikaipiga mzinga, na nahodha wa Wajerumani alikuwa hana habari kwamba vita vimeanza. Chombo kilikuwepo na nahodha alikuwepo. Habari ndiyo haikuwa imefika. Ireland inataka habari iifikie mapema, na kwa hilo nawaunga mkono kuliko kwa mizinga yote ya milimita 76.

Basi, Ndugu Sanga, usiseme nimezikataa meli mpya. Ninachokataa ni neno lako la dirishani kwamba mambo yamekwisha. Njoo Agosti wakati wa maonyesho ya Nane Nane, ulete hoja zako na ulanzi kama bado upo, tumalizie ubishi huu tukiwa tumekaa.

Halafu nijibu swali moja kwa barua, usisubiri kuja. Ile Fuso ya tatu umeshaipatia dereva, au bado imefunikwa turubai nyuma ya duka?

Ni mimi rafiki yako,
Ambokile