Barua kwa Mwanangu: Kuinua Nyuma ya Pikipiki ya Babu Yako

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na picha, na nimefurahi kuona kwamba ile Honda CG125 ya babu yako bado ina fremu iliyonyooka na kutu yake ni ya juu juu tu. Unaniambia fundi anataka kukata vishikio vya juu vya shokapu, avichomelee mbele zaidi ili shokapu zilale, na papo hapo afunge shokapu ndefu ili nyuma ipande. Hizo ni kazi mbili tofauti, nami naomba uzitenganishe kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.

Nianze na kulaza, kwa kuwa ndiko kunakovutia macho. Shokapu iliyosimama wima juu ya mkono wa nyuma (kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo), karibu na ekseli, hubonyea karibu sawa na gurudumu linavyopanda. Ukiilaza digrii 30, gurudumu hupanda takriban milimita 87 wakati shokapu yenyewe imebonyea 75 tu. Ndiyo sababu mafundi wa motokrosi, yaani mashindano ya pikipiki kwenye njia za udongo na matuta, wa miaka ya 1970 walizisogeza mbele: walitaka gurudumu lipate nafasi kubwa zaidi ya kupanda na kushuka kwenye matuta. Yamaha walikwenda mbali zaidi wakachukua wazo la Mbelgiji Lucien Tilkens la kutumia shokapu moja, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa cc 250. Lakini nafasi hiyo hulipiwa. Kwa digrii 30, gurudumu hubakiwa na robo tatu tu ya ugumu wa springi. Kwa digrii 45, hubakiwa na nusu, na nguvu ya oili ya kutuliza mtikisiko hupungua kwa kiasi hicho hicho. Springi zako za sasa zikilazwa hivyo, ukipakia mtu mmoja tu zitagonga mwisho kwenye tuta la kwanza, na utalazimika kununua ngumu zaidi. Tena vishikio vya asili viliwekwa mahali ambapo fremu iliandaliwa kubeba mzigo. Ukivihamishia katikati ya bomba tupu, kila shimo la barabarani litalisukuma bomba hilo hadi lipinde au lipasuke kando ya weldi. Kwa hiyo usikate. Pikipiki hii ni ya kwenda kazini na kurudi, si ya kuruka vichuguu.

Kuinua ni jambo jingine, na hapo naafikiana nawe, mradi usizidishe milimita 20 za urefu wa shokapu. Kumbuka kwamba ukiinua nyuma unabadilisha mbele. Iwapo umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 1,300, kupandisha nyuma milimita 25 husimamisha foku, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, kwa digrii moja na kidogo, na tairi la mbele hupoteza takriban milimita 6 za ule umbali unaolifanya lijinyooshe lenyewe. Pikipiki itakata kona kwa wepesi, lakini usukani utakuwa mwepesi pia unapopishana na lori kwenye upepo. Foku za mbele usiziguse kwanza. Na vile vyuma vya kurefushia shokapu vinavyouzwa mitaani sivitaki kabisa, kwani huongeza kiungo kingine cha kucheza mahali ambapo hatuhitaji mchezo wowote.

Shokapu mpya zikishafungwa, bandika kipande cha udongo wa mfinyanzi chini ya madigadi, toa springi, kisha inua mkono wa nyuma hadi mwisho wake. Udongo ukibonyezwa na tairi, utajua nafasi haitoshi. Cheni nayo huwa imekaza kuliko kawaida pale sproketi ya mbele, bolti ya mkono na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo pima na urekebishe ulegevu wake mkono wa nyuma ukiwa katika hali hiyo, si pikipiki ikiwa juu ya stendi. Angalia pia kama cheni haisugui mkono karibu na bolti yake. Mwisho pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye madigadi, kwanza gurudumu likining'inia, kisha ukiwa umekaa. Tofauti ikikaribia theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, springi zinakufaa. Stendi ya pembeni itakuwa fupi, nayo huongezewa bamba dogo chini.

Nitumie urefu wa shokapu za sasa, kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini, pamoja na kipenyo cha bushi, ile pete ya ndani ambamo bolti hupita. Pikipiki nyingi za Kichina zilinakili CG, hivyo nitaanza kutafuta kwenye maduka ya spea za bodaboda hapa Moshi siku ya Jumamosi.

Mama yako