Kwa shoga yangu wa Chake: mizani haijui minofu wala mafuta

Unguja Mjini

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nitaanza na swali ulilolitia mwisho, maana mengine yote yanalitegemea hilo. Unasema wiki ya tatu sasa mizani imeganda kwenye kilo 78, na huku magauni yanakupwaya kiunoni. Mizani si mbovu. Inapima vyote kwa pamoja: mifupa, maji, minofu, mafuta, hata chakula ambacho bado kimo tumboni. Mtu akianza mazoezi, mafuta yakapungua kilo moja na minofu ikajaa na kushika maji zaidi, mizani itasoma palepale.

Ile BMI waliyokuandikia kliniki ni hesabu fupi tu: kilo zako, wakazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Yako ni 78 kugawa kwa 1.58 mara 1.58, jibu 31.2. Kuanzia 18.5 mpaka 24.9 ndiyo huhesabiwa sawa, 25 uzito umezidi, 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Asili yake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa takwimu na nyota wala si tabibu. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Kwa umma inafaa, kwa mtu mmoja ni dalili ya kwanza tu. Mchukuzi wa bandarini aliyejaa misuli anaweza kupata 27 na asiwe na tatizo lolote, na mama mwembamba wa mikono na miguu, tumbo limefutuka, akapata 24 na huku sukari inampanda.

Kwa hiyo tafuta futikamba ya fundi charahani. Vua gauni, simama wima. Papasa ubavu wa mwisho kwa chini, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima. Si pale unapofunga kanga, maana wengi hufunga chini ya tumbo wakajidanganya. Futikamba ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila ya kubana. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, ndipo usome. Kwa mwanamke tahadhari huanza kwenye sentimita 80, na kwenye 88 hatari imekuwa kubwa; kwa mumeo ni 94 na 102. Au shika hili: kiuno kisifike nusu ya urefu. Wewe nusu yako ni 79. Mafuta ya kuogopwa ni yale yanayozunguka ini na utumbo kwa ndani, ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, na kupandisha presha. Ya mapajani hayana madhara kama hayo, hata kama ndiyo yanayokukera ukivaa.

Na mizani usiitupe. Iweke juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia, kwani huyumba na kusoma uongo. Jipime asubuhi, umeshakwenda chooni na hujala, nguo nyepesi, mara tatu kwa wiki, kisha chukua wastani. Siku moja pekee haisemi kitu. Ukila urojo na achari usiku, chumvi hushika maji na asubuhi utaona kilo imeongezeka. Siku zinazotangulia hedhi ni hivyo hivyo. Wiki ya mwanzo ya kupunguza chakula uzito hushuka haraka, watu wakashangilia, kumbe kilichotoka zaidi ni maji: akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli hushika maji gramu tatu hivi kwa kila gramu yake, ikitumika nayo hutoka. Hapo ndipo wauza majani ya kukonda wanapopatia wateja. Mengi yao huharisha tu, na mafuta yamebaki palepale.

Ile mizani ya umeme uliyoiona dukani, inayotoa asilimia ya mafuta, hupitisha umeme mdogo kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kukisia kutokana na maji ya mwilini. Ukiwa na kiu itakwambia una mafuta zaidi. Mwenye mimba au kifaa cha moyo asiipande. Mimi nisingetoa pesa, futikamba inatosha.

Sasa lengo. Usianze kuota kilo 60. Kupungua asilimia 5, yaani kilo 4 kwako, tayari huweza kushusha presha na sukari. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo nusu kilo kwa wiki inataka upunguze kalori 550 hivi kwa siku. Ukikimbilia zaidi ya kilo moja kwa wiki, mwili unakula na minofu yake, na minofu ikipungua nguvu zinakwenda na uzito hurudi upesi.

Hizo 550 zitoke wapi? Kwenye nazi kwanza, najua utanuna. Kikombe cha mililita 240 cha tui zito kina karibu kalori 550, takriban zote ni mafuta. Sikwambii uache nazi, wewe ni Mpemba! Lakini wali wa nazi, samaki wa nazi na kisamvu cha nazi mlo mmoja ni kupita mpaka. Chagua kimoja kiwe na nazi, na mchuzi uanze na tui la pili. Kisha chai: vikombe vinne vya vijiko vitatu vya sukari ni gramu 48, kalori 190 na kitu. Shuka kwenye kijiko kimoja. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kukaangia ni kalori 120, basi hesabu mwenyewe chapati na mandazi ya asubuhi. Muhogo na majimbi watu huvionea bure. Tatizo ni vile vinavyomiminiwa juu. Wali pakua kikombe kimoja na nusu uliokwishaiva, kwenye sahani yako, kwani kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Siku ya wageni kula na watu.

Usichopunguza ni protini, ndiyo inayolinda minofu. Lenga gramu 90 kwa siku. Mayai mawili yana 12, samaki aliyeiva gramu 150 ana kama 35, kikombe cha choroko zilizoiva 14, pweza aliyeiva gramu 100 karibu 30. Umezungukwa na bahari, hili halikushindi. Ila kama umewahi kuambiwa figo zina kasoro, muulize daktari kwanza.

Kutembea Gombani jioni kuna faida, dakika 30 mara tano kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kusema lakini si kuimba. Kutembea peke yake hakulindi minofu, lakini. Siku mbili au tatu kwa wiki, kwenye kiti kisicho na magurudumu: kaa na inuka bila ya mikono mara 10, sukuma ukuta mara 10, kisha inama kidogo, mgongo umenyooka, na vuta dumu la lita 5 mpaka ubavuni mara 10 kila mkono. Pumzika dakika moja na nusu, rudia mara tatu. Ukifika 15 bila ya taabu, chukua dumu la lita 10. Mazoezi ya tumbo hayayeyushi mafuta ya tumbo, yanakaza misuli iliyo chini yake tu.

Jambo moja la haraka: mama yako anatumia vidonge vya sukari. Akitaka kufuata haya pamoja nawe, asianze kabla daktari hajaviangalia, maana baadhi vinaweza kumshusha sukari mno chakula kikipungua.

Watakwambia umekonda, mumeo hakulishi. Waache. Niandikie kiuno chako cha leo, halafu cha baada ya wiki nne, umepima palepale.

Wasalaam,
Shoga yako