Malalamiko kuhusu pakiti za betri zenye maandishi LR44 na SR44 kwa pamoja

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi wa saa na vifaa vidogo vya umeme hapa Mwanga, Kigoma. Mwezi uliopita niliagiza kwenu pakiti kumi za betri ndogo za SR44, na herufi S niliipigia mstari, kwa kuwa wateja wangu walikuwa na vifaa ambavyo maelekezo yake yanataka aina hiyo. Mzigo ulipofika kwa basi, niliona nyuma ya kila pakiti mmeandika LR44, SR44, A76 na AG13 kwenye mstari mmoja, kana kwamba ni majina manne ya kitu kimoja, ilhali betri zenyewe zimechapwa LR44.

Umbo lake ni moja kweli, milimita 11.6 kwa upana na 5.4 kwa unene, kwa hiyo huingia mahali pake bila kugoma, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. L ni alkalini. S ni oksidi ya fedha. Ya alkalini huanza na volti 1.5 na kushuka polepole kadiri inavyotumika, lakini ya oksidi ya fedha huanza na 1.55, ikadumu karibu na hapo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kisha ikaanguka ghafla. Kwenye kichezeo cha mtoto tofauti hiyo haimsumbui mtu, nami nisingeandika barua kwa ajili ya kichezeo. Kalipa ya kidijitali (kifaa cha kupimia unene na upana) ya seremala mmoja, hata hivyo, ilianza kupepesa tarakimu baada ya wiki chache, na nilipoitoa betri na kuipima kwa mita, ilikuwa bado na volti 1.37, yaani haijaisha ila imeshuka mno kwa kalipa hiyo. Seremala aliamini kwamba nimemuuzia betri iliyokwisha kutumika, akadai fedha yake mbele ya wateja wengine, nikamrudishia.

Jibu lenu la simu, kwamba zote zinafanya kazi, halihusiani na agizo langu, maana bei niliyolipa ni ya SR44, ambayo ni ghali zaidi.

Naomba mnibadilishie pakiti nane ambazo sijazifungua, mnirudishie thamani ya mbili nilizofungua, na mgharimie usafiri wa kwenda na kurudi. Naomba pia kila pakiti itaje aina iliyomo, na mkipenda kuorodhesha nyingine, mwandike kuwa zinalingana kwa umbo tu. Nimeambatisha nakala ya agizo, risiti na picha za pakiti, na ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Fundi wa saa,
Mwanga, Kigoma.