Mwanangu, hiyo simu usiifute kwanza

Mwanangu,

Mama yako ameniambia umeshaamua. Unaacha Samsung unakwenda kwenye iPhone, na hiyo uliyonayo umemwahidi mdogo wako. Ningependa ningeyasikia kwako mwenyewe, ila najua kwa nini hukunipigia. Ulijua nitauliza nini. Basi nakuandikia, maana kwa simu ungenijibu "sawa baba" kabla sijafika katikati: zile sauti za babu yako alizokuwa anakutumia WhatsApp umeziweka wapi?

Nijibu hilo kwanza. Mengine yote utayasoma ukipata nafasi.

Sikukatazi iPhone. Nitakukatazaje nami ninayo mkononi, kioo kimepasuka pembeni, na waya wake ndio pekee usioingia kwenye simu ya mtu mwingine humu ndani? Kila usiku nautafuta. Hiyo yako mpya angalau haitakuwa na taabu hiyo, kwa sababu tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 Apple, wanaozitengeneza, wameachana na tundu lao la peke yao, na waya wa USB-C unaotumia sasa utaingia. Umoja wa Ulaya ndio uliowabana, wakaweka sheria kwamba simu zote zinazouzwa kwao ziwe na tundu moja kufikia mwisho wa 2024. Kwa hiyo usinunue waya mwingine. Na ule wangu ulioondoka nao mara ya mwisho, urudishe. Kwako hauna kazi.

Mama yako anasema una sababu mbili. Ya kwanza, wenzako kazini wanakucheka kwamba meseji zako zinaingia za kijani wakati zao ni za bluu. Hiyo sikuitegemea kwako. Mtu anayesimamia watu kumi na wawili, ambaye nikikutaja mbele za watu sauti yangu inabadilika, leo anahama simu kwa ajili ya rangi! Hiyo bluu ni ya iMessage, ambayo Apple waliileta 2011 kwa ajili ya simu zao wenyewe kwa wenyewe. Asiyekuwa nayo anaingia kijani. Mwaka 2024, kwenye iOS 18, yaani mfumo unaoendesha iPhone, wakakubali RCS, njia mpya ya kutumiana meseji, ili picha zisifike zimevurugika mtu akitumiwa kutoka Android, simu kama hiyo yako, lakini kijani kikabaki kijani. Sisi wote unaotuandikia tuko WhatsApp. Na WhatsApp haijali simu yako ametengeneza nani, mpaka siku unapohama.

Sababu ya pili naikubali. Simu yako haipati tena masasisho, na simu isiyopata masasisho ya usalama si ya kuwekea mambo ya benki. Hapo una haki, nami ningefanya vivyo hivyo. Ila hilo peke yake halikulazimishi kuhama ukoo mzima. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi masasisho ya miaka saba, na Samsung wakafuata kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata. Ungebaki Samsung, ukanunua mpya, kila kitu kingehamia kwa urahisi, WhatsApp na yote yaliyomo, nami leo nisingekuwa naandika barua. Lakini pesa ni yako, umeitafuta mwenyewe. Sisemi zaidi.

Ninachosema ni hizo sauti.

Sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Ile nakala ya WhatsApp inayojihifadhi kila usiku kwenye akaunti yako ya Google haifunguki kwenye iPhone. Usiiangalie ukadhani uko salama kwa sababu imeandikwa "imehifadhiwa leo alfajiri". Iko salama, ndiyo, ila kwa Android. iPhone inasoma za iCloud tu, ghala la Apple la mtandaoni. Kuvuka ng'ambo kuna programu ya Apple inaitwa Move to iOS, unaipakua kwenye simu ya zamani. Ipo tangu 2015, lakini WhatsApp walikubali kupitia humo 2022. Na masharti yake ni ya ajabu kidogo. iPhone lazima iwe bado haijawashwa kwa matumizi, iko pale inapokusalimia na kukuuliza lugha. Ukiwa na haraka, ukapita, ukaanza kupiga picha za kuonyesha wenzako, basi mlango umefungwa. Itakubidi uifute uanze upya. Zote mbili ziwe kwenye chaji, namba ya WhatsApp iwe ileile, na kabla ya yote hakikisha vyote ulivyonavyo vinaenea kwenye simu mpya. Vilivyomo kwenye memori kadi navyo vinahesabiwa. iPhone haijawahi kuwa na tundu la memori kadi, kwa hiyo hiyo kadi yako huendi nayo.

Nakujua ulivyo na mabox. Hujawahi kusubiri kufungua kitu tangu ukiwa mdogo. Safari hii usubiri.

Ukimaliza utaziona chati zote upande wa pili, utafurahi. Usifurahi bado. Fungua ya babu yako, panda juu mpaka mwanzo, uguse sauti mojamoja ujue zinacheza. Zote. Kwenye simu ya zamani zitakuwa bado zipo, kuhama hakuzifuti. Kinachozifuta ni mkono wa mtu. Ndiyo maana nasema usimpe mdogo wako wiki hiyohiyo. Mwache anune. Akae mwezi.

Unataka kuniambia, "Lakini baba, wewe mwenyewe..." Najua. Sitaki turudie habari ya ile Jumapili, umeshaisema vya kutosha na mama yako ameisema zaidi yako. Ila mtu asiseme nilizipoteza. Nilihama 2020, na mwaka huo njia rasmi haikuwepo, imekuja miaka miwili baadaye, kama nilivyokueleza hapo juu. Nakala ya Google nilikuwa nimeizima kwa sababu inakula bando, na ni nani aliyekuwa akilalamika bando linaisha? Si mimi peke yangu. Zile babu yako alizonitumia mimi zilibaki kwenye simu, na simu ikauzwa. Kabla ya kuuzwa ikafutwa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Wakati mwingine nafikiri ningeiweka tu kabatini hiyo miaka miwili. Kabati lina nafasi. Limeweka ile pasi mbovu mpaka leo.

Ndipo nikajifunza yanapokaa haya mambo, baada ya kuchelewa. Nimeyaona kwenye simu ya mama yako. Ukifungua faili, si WhatsApp yenyewe, unaingia kwenye folda la WhatsApp, kisha Media, kisha WhatsApp Voice Notes. Humo utakuta mafolda madogomadogo yenye namba kama 202031. Nilidhani ni uchafu, kumbe ni mwaka na wiki: mwaka 2020, wiki ya 31. Ndani yake faili zinaishia na "opus", moja sekunde nane, nyingine dakika nne. Hazina jina la mtu. Ya babu yako imelala pembeni ya ya fundi wa mabati, na huwezi kuwatofautisha mpaka uwasikilize. Sasa wewe chukua folda lote, usichague, ulinakili kwenye kompyuta ya kazini au popote unapopaamini. Kuchagua utakuja kuchagua baadaye. Ukianza kuchagua sasa utaruka ile anayouliza "imeanza?" kwa sababu ni fupi na haisemi kingine. Unaijua ninayoisema. Hiyo usiiruke.

Na kunitumia mimi, nitumie hukohuko kwenye WhatsApp, mojamoja. Najua ni kazi. Sina haki ya kukuomba, zilikuwa zako, alikuwa anakutumia wewe zaidi tangu mwanzo. Hata hilo nilikuwa nalijua.

Kuna lingine nimelikumbuka naandika. Wewe ndiye uliyemfungulia kila mtu humu akaunti. Mama yako akisahau nywila, namba inakuja kwako. Mdogo wako vilevile. Mimi sijui hata yangu ilivyo. Kwa hiyo ukibadili simu, laini usiibadili. Na ile programu ya kutoa namba sita zinazobadilika kila nusu dakika, unayoingilia kazini, hamisha kabla ya yote. Kama ni ya Google, tangu 2023 inaweza kujihifadhi kwenye akaunti, lakini ni mpaka uiambie. Kama hukuiambia, namba ziko kwenye simu hiyo tu, na ikifutwa zimekwenda. Programu za benki usizisubiri zihamie, utajisajili upya. Na zile ulizonunua Play Store zimebaki Play Store, kwenye iPhone utanunua tena. Hilo nilipoliambiwa niliona ni wizi, mama yako akasema niliponunua redio mpya sikuuliza kama betri za ile ya zamani zitaingia. Sijui hilo linahusianaje, lakini alisema.

Picha zisikutie wasiwasi. Google Photos ipo kwenye iPhone pia, unaingia kwa akaunti yako unazikuta zile zilizokuwa zimehifadhiwa humo. Ila usiwashe zihifadhiwe na iCloud tena juu yake bila kufikiri: Google wanakupa GB 15 bure, Apple wanakupa GB 5, na GB 5 kwa mtu anayepiga picha kama wewe ni wiki moja. Baada ya hapo itakudai kila asubuhi kama mwenye nyumba. Yangu inanidai tangu 2020, nimezoea.

Mdogo wako anahesabu siku. Ameshanunua kava. Jana nimemkuta anapima kava kwenye kipande cha mbao alichokikata saizi ya simu yako, nikashindwa hata kumkemea. Siku ukimpa, ondoa kwanza akaunti yako ya Google kwenye mipangilio, ndipo uiriseti. Ukiiriseti kwa njia nyingine akaunti ikiwa bado imo, simu itamdai nywila yako akiiwasha, na atatupigia kelele sisi, si wewe. Lakini hilo ni la mwisho. Narudia, la mwisho. Nimemwambia simu inakuja mwezi ujao na kwamba ni mimi niliyeamua, kwa hiyo akikuuliza usinipinge. Anichukie mimi.

Bomba la nje linavuja tena. Fundi amesema atakuja Alhamisi, hakusema Alhamisi gani. Mama yako magoti yanamsumbua asubuhi tu, mchana anatembea kuliko mimi. Anasema nikuandikie usafiri ukiwa umekula. Ile taa ya barazani uliyoifunga bado inawaka, wageni wakiuliza nawaambia umeifunga wewe.

Kama umeshaifuta hiyo simu kabla barua haijafika, niambie hivyohivyo bila kuzunguka, kama mama yako alivyoambiwa ile Jumapili. Sitakufokea. Nitakuwa na uso gani wa kukufokea?

Kama hujaifuta, anza na wiki ya 31. Nimefuta video zangu zote, hata zile za harusi ambazo nilisema sifuti, na sasa nina nafasi ya GB 3. Tuma hata usiku, sizimi.

Baba yako